Mi si mgonjwa mbishi, nilikuwa nachezesha vidole

Ndugu mhariri, salaam kwako na kwa wote wa hapo gazetini.

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji mwenzangu ambaye barua yake ilitoka wiki mbili zilizopita, yule aliyelalamika kwamba wagonjwa wetu hawana nidhamu, daktari anawaambia pumzika wao wanarudi shambani, anawaambia msinyanyue ndoo wao wananyanyua, alafu kidonda kikifumuka lawama zote kwa manesi. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikacheka peke yangu jikoni, maana kwakweli alikuwa ananisema mimi bila kunijua.

Mi ni msuka ukili, naishi Pangani mkoa wa Tanga. Nimeanza kusuka nikiwa na miaka 9 nimekaa chini ya bibi yangu mzaa mama, sasa hivi nina 56, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Nasuka mikeka ya kulalia, misala ya kuswalia, makawa ya kufunikia chakula, na vikapu wakitokea watu wa Dar wanaovitaka, ila mkeka ndo kazi yangu hasa. Kwa wasiojua, mkeka hausukwi mzima kama wanavyodhani watoto wa mjini. Unasuka kwanza ukili, ule mkanda mrefu mwembamba wa ukindu, yaani majani ya mkindu, unasuka wee unauviringisha, unasuka wee unauviringisha, ukifika pima zako za kutosha, mikono miwili ukiinyoosha ncha hadi ncha ndo pima moja, unachukua shazia, ile sindano kubwa, na uzi unashona ukili kwa ukili mpaka mkeka utoke. Na kizuri cha ukili ni kwamba unasukika popote. Nimesuka nikisubiri pantoni ya kwenda Bweni ng'ambo ya mto, nimesuka kliniki na mtoto mgongoni, nimesuka kwenye vikao vya shule mwalimu mkuu anasoma mapato na matumizi. Sijui kukaa na mikono mitupu, sijawahi kujifunza.

Sasa huo mkono ukaanza vituko mwaka juzi. Ilianza usiku. Naamka saa nane mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole vinawaka kama nimeshika pilipili, natoka nje uani nakung'uta mkono kama nesi anavyokung'uta kipimajoto, ikipoa narudi kulala. Asubuhi mzima. Nikasema uzee. Shoga yangu mmoja akasema ni kijicho, ule mkeka niliouza kwa mzungu pale hotelini ulionwa na watu wengi. Mwingine akaniletea mafuta ya karafuu nikajipaka mpaka shuka zote zikanuka kama gunia la Pemba. Wala.

Kilichonitisha si maumivu, mhariri, ni ukili. Chane ya ukindu, ule ukanda mmoja mmoja uliochanwa, unaisikia kwa dole gumba. Ukibana unajua hii imekauka itakatika, hii mbichi mno itasinyaa baadae ukili uache mianya, huhitaji kuangalia. Mi nikawa siisikii. Nasuka nikiongea na watu kama kawaida, nikitazama chini naona ukili mara umepanuka mara umebanwa, kama nyoka aliyemeza panya watatu. Chane zinanidondoka mkononi sijui saa ngapi. Nikafumua nikaanza upya, nikafumua tena. Mtu wa miaka 47 kwenye kazi unafumua kama mtoto anayejifunza, nilikuwa naona aibu nikawa nasukia ndani.

Nikaenda hospitali, ile kubwa, sitaji jina kwa sababu sina ugomvi nao. Daktari kijana mpole sana akanigonga kifundo cha mkono kwa kidole, shoti ikapita mpaka ncha za vidole nikaruka. Akanambia kunja mikono yote miwili, gusanisha migongo ya viganja, kaa hivyohivyo dakika moja. Haikufika dakika, mkono wa kulia ukafa. Akaniuliza na kidole cha mwisho? Nikajishika, kumbe kidole cha mwisho kizima kabisa! Miaka yote miwili sikuwa nimegundua, ganzi ni dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, kile kidogo hakimo. Akatabasamu akasema basi ni carpal tunnel, yeye anatamka kapo tano.

Mi nikasikia kapu tano. Nikamwambia dokta kapu tano kitu gani, mi makapu nimesuka zaidi ya mia tano. Akacheka mpaka akavua miwani. Akanieleza vizuri: kwenye kifundo kuna kijia chembamba, chini mifupa juu mkanda mgumu wa kano, na humo ndani zinapita kano za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Ukikunja na kukandamiza mkono miaka na miaka, kijia kinavimba, mshipa unabanwa. Vidole vinavyotegemea ule mshipa vinakufa ganzi, kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine unapita njia nyingine ndo maana hakina habari. Wanawake tunapata zaidi kuliko wanaume, wenye sukari nao, wajawazito nao. Nilielewa haraka sana maana ni kama uzi ulionasa katikati ya ukili mbili zilizoshonwa kwa kukazwa mno, hata ukivuta hauji. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu ugonjwa unaitwa kapu tano, hata wajukuu.

Wakanipa kwanza kile kifaa cha kuvaa usiku chenye kibati ndani mkono usikunjike, nikavaa wiki sita. Wakanichoma sindano. Ilisaidia kidogo alafu ikarudi, na nyama ya chini ya dole gumba ikaanza kunywea, daktari akasema tusisubiri hiyo ikiisha hairudi. Tukapanga upasuaji.

Upasuaji wenyewe sina cha kusimulia. Ganzi ya kiganjani tu, niko macho, wanaongea Simba na Yanga juu ya mkono wangu, hata nusu saa haikufika wakaniambia mama tayari. Wanakata ule mkanda wa kano kijia kipanuke, basi. Usiku ule ule nililala mpaka alfajiri mara ya kwanza baada ya miaka miwili, hata mzee wangu aliniamsha akidhani nimezidiwa.

Sasa nakuja kwenye neno langu.

Siku naandikishwa, karani aliniuliza kazi. Nikasema msusi. Akaniangalia kichwani, mi nimejifunga mtandio, akauliza una saluni? Nikamwambia hapana, msusi wa ukili, nasuka mikeka. Akafikiri kidogo akaandika "mama wa nyumbani". Nilimwona kwa macho yangu kwa sababu anaandika taratibu kwa herufi kubwa. Sikusema kitu. Nilidhani ni mambo ya makaratasi tu.

Kumbe karatasi ndo inayosema badala yako. Siku ya kutoka yule daktari mpole hakuwepo, kulikuwa na mwengine ana wagonjwa kama arobaini nje, kachukua faili kasoma mama wa nyumbani, akanipa maelezo ya mama wa nyumbani: usifue, usipike ugali, usinyanyue ndoo, usifanye kazi ngumu kwa huo mkono, bendeji isilowe, mkono uuweke juu ya mto usivimbe. Na vidole vichezeshe, mama, kila baada ya muda kunja na kunyoosha, usipovichezesha vitakakamaa. Rudi baada ya siku 14 tutoe nyuzi.

Nikayashika yote. Naapa mhariri, nilikuwa mgonjwa wa mfano. Siku saba sikushika hata mwiko. Watoto walipika, wakwe walipika, nimekula wali umeungua siku tatu mfululizo nimesema alhamdulillahi. Kutawadha nikawa napangusa maji juu ya bendeji. Kusujudu nikawa naegemea mkono mmoja, nikiinuka nayumba kama mlevi.

Alafu ikafika siku ya nane usiku. Umeme umekatika, TV hakuna, simu imeisha chaji, watu wote wamelala. Na juu ya kenchi kuna ukindu wangu nilioukausha na kuutia rangi kabla sijaenda hospitali, zambarau na kijani, wa mkeka wa bibi harusi niliokuwa nimepewa oda. Nauona kwa mwanga wa mwezi. Nikajiambia, hivi daktari si alisema nichezeshe vidole? Kunja, nyoosha, kunja, nyoosha. Vidole vyangu mi havijui mchezo mwingine. Toka nina miaka 9 vimecheza mchezo huo huo mmoja. Na kazi ngumu amekataza, sawa, sasa ukili ni kazi ngumu? Ukili tunasuka tukipumzika! Mtu akitoka shamba amechoka anakaa barazani anashika ukili apumue. Nikashusha ukindu, nikanyunyiza maji kidogo ulainike, ncha ya ukili nikaibana na kidole gumba cha mguu, nikaanza.

Ilikuwa raha ambayo siwezi kukuandikia. Dole gumba linasikia! Linasikia chane, ile ncha kali ya pembeni naisikia kabisa kama nilivyoisikia nikiwa msichana. Nikasuka huku machozi yananitoka, nilikuwa nimepanga dakika kumi, nikaja kushtuka muadhini anaadhini alfajiri.

Ukindu unasukwa umelowa, si ndo hivyo. Bendeji ikalowa chapachapa. Na kila chane unakandamiza na kiganja, pale pale penye nyuzi. Siku ya pili pakavimba, siku ya tatu pakaanza kutoa maji, nikakimbizwa zahanati ya hapa kwetu. Nesi kufungua akapiga kelele. Mama! Si uliambiwa usifanye kazi? Nikamjibu sista mi sijafanya kazi, nilikuwa nasuka ukili. Akasema sasa huo ukili si kazi? Nikakaa kimya, kwa sababu maishani mwangu mwote hilo swali ndo mara ya kwanza naulizwa. Mume wangu huwa anasema mke wangu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani. Serikali ya mtaa wakiandikisha wananiandika sina ajira. Karani wa hospitali kaandika mama wa nyumbani. Miaka yote hiyo mikeka imesomesha watoto wawili na kuezeka bati si kazi, siku kidonda kimefumuka ndo imekuwa kazi.

Sasa huyu msomaji wako angenikuta siku ile zahanati angeandika barua ingine.

Nikapewa vidonge, nikaambiwa sasa ni marufuku kabisa mpaka wao waseme, na hawakusema lini. Kutoka hapo nilikaa kama miezi miwili bila kusuka. Na hili ndo nataka wasio na kazi ya mkono walielewe, kwa sababu kila aliyekuja kunitazama alikuwa ananipongeza. Angalau umepata likizo. Pumzika shoga, umesuka inatosha. Wananiletea machungwa. Mi natabasamu.

Wenzangu jioni wanakaa barazani kwa jirani yangu, tuko sita saba, kila mtu na ukili wake. Nikaenda kama kawaida nikakaa. Sikuweza. Sikujua kama maongezi yetu yote yanapita juu ya ukili, mtu anaongea macho yako kwenye mikono, unaitikia, unanyamaza, unaongeza chane, ndo hata mtu anaweza kusema neno zito la nyumbani kwake kwa sababu hakuna anayemkodolea. Mi nimekaa sina pa kuweka macho, namwangalia msemaji usoni kama askari polisi. Siku ya pili mmoja akaniuliza mbona unanitazama hivyo, kuna neno umesikia? Nikaacha kwenda.

Pesa nayo. Tuna VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, hisa kila Jumamosi elfu tano, na mi nilikuwa na rejesho. Hawakunisumbua, lakini kukaa kwenye kikao kila Jumamosi jina lako linasomwa alafu katibu anaruka haraka haraka kwa kukuonea huruma, bora wangenipiga faini.

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu aliniona nilivyonyong'onyea akanitafutia kwenye simu habari ya mzee mmoja wa Kifaransa, Henri Matisse, mchoraji mkubwa, alifanyiwa upasuaji wa tumbo mwaka 1941 akawa hawezi tena kusimama kuchora siku nzima, basi akawa anakaa kitandani na kwenye kiti cha magurudumu anakata makaratasi ya rangi kwa mkasi, wasaidizi wanayapanga ukutani anavyowaelekeza, na hizo karatasi zake leo dunia nzima inazitamani. Unaona bibi, akanambia, na wewe utafute kitu kingine. Picha nilizipenda, ile rangi ya bluu angeijua mtia rangi yeyote wa ukindu. Lakini nikamwambia mjukuu wangu, huyo babu tumbo ndo lilikuwa bovu, mikono alikuwa nayo. Angekatwa kiganja angeshika mkasi na nini? Akacheka akaondoka na simu yake.

Nilijaribu kumfundisha yeye kusuka, mi niseme yeye afanye. Tulidumu siku tatu. Tatizo halikuwa yeye, nilikuwa mimi, sikuwa na maneno. Shika hii ipitishe chini ya hii, hapana, chini, alafu hii ya pembeni irudi, si hiyo. Nafungua mdomo nakuta sijui ninachofanya, mikono ndo inajua na mikono imefungwa. Bibi yangu naye hakunifundisha kwa maneno, alikuwa ananipiga kofi nikikosea basi.

Kilichokuja kuniokoa ni kitu cha kipuuzi. Nilikwenda msibani, kwa jamaa wa mume wangu, tumekaa kwenye mikeka ndani wanawake tumejazana, na mi sina la kufanya nikaanza kuusoma mkeka niliokalia. Yaani kuusoma kama watu wanavyosoma gazeti lako. Hapa aliishiwa ukindu mzuri akaunga na mfupi. Hapa alibadilisha mtu, mkono mwingine kabisa huu, unakaza kushoto. Hapa taraza, ule ukingo wa mkeka, imeshonwa usiku. Nikasoma mpaka watu wanasimama kuswali. Kuanzia hapo nikawa nazunguka nyumba za watu kutazama mikeka, natia sababu ya kusalimia, nikifika naangalia chini. Watu walidhani nimeokota unyenyekevu.

Nyumbani kwa mama mdogo kuna mkeka wa bibi, yule aliyenifundisha, upo kwenye dari umeviringishwa, hautumiki. Nikaomba ushushwe. Nikautandaza uani kwenye jua nikaufuata ukili kwa ukili kwa kidole cha mkono wa kushoto. Bibi yangu alikuwa na mkono wa chuma, ukili wake unaweza kubeba maji. Lakini katikati, mhariri, kuna kama pima moja na nusu ukili umelegea. Si kukosea, mpangilio wa chane uko sawasawa, ila umelegea, mara umepanuka mara umebanwa. Alafu unakaza tena mpaka mwisho. Nilikaa pale na huo mkeka mpaka adhuhuri. Nikamuuliza mama mdogo, bibi aliwahi kuumwa mkono? Akasema hakumbuki, ila anakumbuka kulikuwa na mwaka bibi alikuwa anaamka usiku anatembea uani, wao watoto wakisema anaongea na mashetani.

Basi. Wiki ya saba hivi nikapangiwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Huyu ndo nataka kumsifia japo jina simtaji. Alichukua faili, akasoma, akaliweka chini, akanambia mama hebu nioneshe mikono yako huwa inafanya nini kutwa. Si "kazi yako nini". Mikono yako inafanya nini. Nikamweleza. Akasema safari ijayo njoo na ukindu. Nikaja na kifungu kwenye mfuko, nikasuka mbele yake, wagonjwa wengine wanatuchungulia. Akaangalia kifundo changu kinavyojikunja, akasema hapo ndo panapokubana, miaka yote unasuka mkono umeuinamisha mapajani. Akaniwekea mto juu ya magoti, ukili ukapanda juu, kifundo kikanyooka. Akanipa hesabu: wiki ya kwanza dakika 10 asubuhi na 10 jioni, ukili mwembamba wa chane saba, siyo ule mpana wangu wa kumi na tatu, wiki inayofuata dakika 20. Shazia usiguse mpaka nikwambie, maana ile unaisukuma na kiganja. Kovu ulisugue na mafuta ya nazi. Nguvu ya kubana itachukua miezi kurudi usiogope, na hapo chini ya kiganja patauma ukiegemea, pataacha penyewe.

Dakika tano zile za kuongea zingefanyika siku natoka hospitali, nisingelowesha bendeji. Ndo ninachokisema. Angeniambia mtu "ukili usishike mpaka tarehe fulani, kisha anza hivi", ningesubiri, nina subira ya kusuka pima 30 nitashindwa kusubiri tarehe? Kinachoshinda mtu ni "pumzika" isiyo na mwisho, na "kazi ngumu" ambayo kila mmoja anaijaza anavyojua. Jirani yangu fundi cherehani alipasuliwa ngiri akaambiwa asinyanyue kitu kizito, hakunyanyua, alikaa akakanyaga cherehani kutwa nzima kwa sababu cherehani haibebwi. Naye mbishi? Mama mmoja wa Bweni anashona kofia za mkono, katolewa mtoto wa jicho, kaambiwa asiiname, kofia anaishona ameiinamia, hakuna aliyemuuliza. Wapiga udi, wachonga milango, wafinyanzi, wasusi wa nywele, hawa wote wanaandikwaje kwenye hayo mafaili yenu?

Kwa hiyo wakubwa wa afya kama mnasoma gazeti hili, pale penye "kazi" ongezeni mstari mmoja hivi, "mikono yake hufanya nini". Na makarani wauandike kama mgonjwa alivyousema, hata kama neno hawalijui.

Mkeka wa bibi harusi niliumaliza Jumanne iliyopita. Umechelewa miezi mitano na bibi harusi ameshaolewa na ana mimba, ila mama yake alisema ataungoja tu, Mungu amlipe. Pima yangu bado fupi kidogo maana mkono wa kulia haujanyooka wote, ilibidi mzee wangu anipimie na yake kisha tupunguze. Mama alikuja kuuchukua, akautandaza, akaupapasa kama wanavyofanya wanaojua mikeka, akafika mahali akasimama. Akanambia, bi mkubwa mbona hapa katikati pamelegea?

Nikamwambia hapo ndo penye kapu tano.

Wako msomaji,
Msuka ukili,
Pangani, Tanga.